Somo la 9: Neno na Maana Yake

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Neh. 8:1–8, 2 Kor. 5:18–20, 1 The. 4:13–17, Lk. 23:54–24:1, Law. 16:5–22, Rum. 1:16, Mt. 25:14–30.

Fungu la Kukariri: Nehemia 8:8. Lisome katika Biblia yako na ulikariri pamoja na darasa lako.

Watu walikusanyika mbele ya Lango la Maji, Yerusalemu. Ezra alisimama juu ya mimbari ya mti, akakifungua kitabu cha torati, na usomaji ukaendelea tangu asubuhi hata adhuhuri. Hata hivyo, kusoma peke yake hakukutosha. Walawi walikuwa miongoni mwa watu wakiwaeleza maana, hata kila mtu akafahamu kile alichokuwa anakisikia. Siku ile watu walilia, kisha wakafurahi. Machozi yao na furaha yao vilitokana na jambo moja: walikuwa wameelewa.

Leo katika makanisa yetu mengi, hasa mijini, mhubiri hushika Biblia ya Kiingereza huku mkalimani akisimama kando yake. Mwalimu wa Shule ya Sabato hufungua simu yake na kulinganisha Biblia ya Kiswahili na ya Kiingereza. Hii ni baraka kubwa. Lakini maneno ya Kiingereza, kama maneno ya lugha yoyote, yana mahali yalikozaliwa, nayo hubadilika kadiri watu wanavyoyatumia. Neno lililomaanisha jambo moja miaka 400 iliyopita laweza kumaanisha kinyume chake leo. Asiyelijua hilo anaweza kufundisha jambo ambalo Biblia haikusema, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Juma hili tutachunguza maneno machache ya Kiingereza ambayo Biblia iliyazaa, iliyalea, au iliyasambaza duniani. Tutaona jinsi yanavyoweza kutufungulia Maandiko, na jinsi yanavyoweza kutupoteza.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Kufanywa Wamoja

Soma 2 Wakorintho 5:18–20 na Warumi 5:10, 11. Ni nani aliyeanzisha upatanisho? Ni nani aliyekuwa amekosewa?

Mwaka 1526 Agano Jipya la Kiingereza lilichapwa katika mji wa Worms, Ujerumani, na kuingizwa Uingereza kwa siri. Mfasiri wake, William Tyndale, alitafsiri moja kwa moja kutoka Kiyunani. Viongozi wa kanisa mjini London walizichoma nakala walizozikamata, na mwaka 1536 Tyndale mwenyewe alinyongwa na mwili wake kuchomwa moto huko Vilvoorde, karibu na Brussels. Kosa lake kubwa lilikuwa kutaka mkulima wa kawaida asome Neno la Mungu katika lugha yake.

Alipofika kwenye mafungu ya leo, Tyndale alitumia neno lililokuwa bado jipya katika Kiingereza: “atonement.” Ukilitazama kwa makini utaona limeunganishwa kwa vipande vitatu. “At one” ni kuwa pamoja, kuwa kitu kimoja. Na “-ment” ni mkia unaofanya jina la tendo au hali. Kwa hiyo neno lile lilimaanisha hali ya waliofarakana kufanywa kuwa wamoja tena.

Kiswahili chetu nacho kina hazina yake hapa. Neno *upatanisho* lina shina la *kupata*. Ongeza *-na*, nawe una *kupatana*: kila mmoja kumpata mwenzake. Ongeza tena *-isha*, nawe una *kupatanisha*: kuwafanya waliopoteana wapatane. Ndani ya neno hilo kuna pande mbili, na kuna mwenye kutenda kazi ya kuzileta pamoja.

Basi Paulo anasema ni nani aliyeifanya kazi hiyo? Katika vijiji vyetu vingi, mtu aliyemkosea jirani yake ndiye anayetafuta wazee, ndiye anayeleta mbuzi wa faini, ndiye anayeinama. Aliyekosewa hukaa nyumbani na kungoja. Lakini katika 2 Wakorintho 5 mambo yamegeuka. Mungu ndiye aliyekosewa, naye ndiye aliyetoka kututafuta. Gharama yote alitoa yeye, katika Mwanawe.

Hapa tuwe waangalifu. Katika Kiingereza cha leo maana ya neno lile imepungua. Mtu akisema ana-“atone” kwa kosa lake, kwa kawaida anamaanisha kwamba analipia kosa yeye mwenyewe, labda kwa kazi ngumu au kwa zawadi. Mzigo umehamia kwa mkosaji. Msomaji mwenye maana hiyo kichwani anaweza kumaliza Warumi 5 akidhani kwamba imembidi ajilipie. Kumbe Paulo, katika Rum. 5:11, anasema kwamba upatanisho ni kitu tulichokipokea.

> Je, kuna mtu ambaye wewe ndiye uliyekosewa naye, nawe bado unamngoja aje? Mfano wa Mungu katika fungu la leo unakuambia nini?

JUMATATU

Maneno Yaliyogeuka Njiani

Soma 1 Wathesalonike 4:13–17. Paulo anawafariji vipi waliofiwa? Anasema nini kuhusu walio hai na waliolala mauti Bwana atakapokuja?

Biblia ya King James ilitolewa mwaka 1611, nayo ilihifadhi sehemu kubwa ya maneno ya Tyndale. Wengi bado wanaipenda kwa uzuri wa lugha yake. Lakini baadhi ya maneno yake yamegeuka njiani.

Katika 1 Wathesalonike 4:15 Biblia hiyo husema kwamba walio hai hawata-“prevent” wale waliolala. Leo neno hilo ni kuzuia. Je, Paulo alikuwa akiwahakikishia Wathesalonike kwamba hawatawazuia wafu wasifufuke? Hapana. Neno hilo lilitoka Kilatini, likimaanisha kuja mbele, kutangulia. Ni rahisi kuona lilivyogeuka: anayekutangulia kwenye njia nyembamba anaweza pia kukuzibia njia. Polepole maana ya kutangulia ikafa na ya kuzuia ikabaki. Biblia ya Kiswahili hutumia *kutangulia*, na hivyo msomaji wetu hapati shida.

Tazama ni jambo kubwa kiasi gani lililo ndani ya neno hilo moja. Waumini wa Thesalonike waliwahuzunikia wapendwa wao waliokufa kabla ya Bwana kuja. Paulo hakuwafariji kwa kuwaambia kwamba wafu wao walikwisha kutangulia mbinguni. Aliwaambia kwamba hakuna atakayemtangulia mwenziwe: waliokufa katika Kristo watafufuka kwanza, kisha wote, wao na walio hai, watanyakuliwa *pamoja*. Anayefiwa leo anahitaji kuisikia faraja hiyo kama Paulo alivyoitoa.

Mfano wa pili uko katika 2 Wathesalonike 2:7, ambapo King James hutumia neno “let.” Leo neno hilo ni kuruhusu, katika fungu lile ni kuzuia. Hayo yalikuwa maneno mawili tofauti katika Kiingereza cha kale, ambayo sauti zake zilikuja kufanana. Lile la kuzuia limebaki mahali pachache tu, kama vile katika mchezo wa tenisi, pale mpira wa kuanzia unapogusa wavu na kurudiwa.

Mfano wa tatu ni “conversation,” katika Wafilipi 1:27 na 1 Petro 1:15. Leo ni mazungumzo. Mwaka 1611 ulikuwa ni mwenendo mzima wa mtu: anavyoishi, anavyofanya biashara, anavyokaa na jirani. Mtu akisoma 1 Petro kwa maana ya leo, ataona imetosha kuuchunga ulimi. Petro alitaka zaidi. Alitaka utakatifu dukani, shambani, na nyumbani milango ikiwa imefungwa.

Maneno mengine yaliporomoka, na mengine yakapanda. “Silly” lilianza kwa maana ya mwenye heri. Likawa asiye na hatia, kisha dhaifu, na leo ni mjinga. “Nice” lilitoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kutojua. Lilipoingia katika Kiingereza lilimaanisha mpumbavu, na leo ni sifa njema.

> Kama maneno ya wanadamu hugeuka hivi, inatupasa kufanya nini ili tusipoteze kile ambacho Mungu alikusudia kutuambia? Soma Isaya 40:8.

JUMANNE

Jina la Siku na Utakatifu Wake

Soma Mwanzo 2:1–3, Kutoka 20:8–11, na Luka 23:54–24:1. Ni kitu gani kinachoifanya siku kuwa takatifu? Ni mpangilio gani wa siku unaouona katika Luka?

Katika Kiingereza siku ya saba huitwa “Saturday,” yaani siku ya Saturn, mmoja wa miungu ya Warumi. Siku inayofuata ni siku ya jua. Wako wanaouliza: tunawezaje kuitakasa siku yenye jina la sanamu?

Waswahili nao wana swali lao, tena hilo husikika mara nyingi zaidi kwetu. *Jumamosi* ina neno *mosi* ndani yake, yaani moja. *Jumapili* ina mbili. Mtu husema: “Lugha yenu wenyewe inawaambia kwamba Jumamosi ni siku ya kwanza. Mbona mnaiita ya saba?”

Jibu ni kulijua jina lilikotoka. *Ijumaa* ni neno la Kiarabu linalohusu kukusanyika; ni siku ambayo Waislamu hukusanyika kwa swala. Waswahili walihesabu siku kuanzia hapo: mosi, pili, tatu, nne, tano. Baada ya Jumatano inakuja *Alhamisi*, ambayo nayo kwa Kiarabu ni siku ya tano! Juma letu lina siku mbili za “tano” zinazofuatana, na hakuna mtu aliyewahi kukosa siku ya gulio kwa sababu hiyo. Alhamisi ilifuata hesabu nyingine, ile ya Waarabu, inayoanza na siku ambayo sisi twaiita Jumapili. Kwa hesabu hiyo, baada ya siku ya tano huja ya sita, kisha ya saba. Na Waarabu huiita siku hiyo *as-Sabt*. Wahispania huiita *sábado*, Waitaliano *sabato*, na Warusi *subbota*. Majina yote hayo yana asili katika neno la Kiebrania la kuacha kazi na kupumzika.

Ushahidi huo unapendeza, lakini hatuitunzi Sabato kwa sababu ya jina la Kihispania, wala hatuiachi kwa sababu ya jina la Kiswahili. Majina ya siku waliyatoa wanadamu, kila watu kwa hesabu yao. Utakatifu wa siku ulitoka kwa Mungu, aliyeibariki kabla hakujawa na Mrumi wala Mswahili. Luka anaupanga mfuatano wazi: siku ya Maandalio, Sabato ambayo wanawake walistarehe kwa amri, na siku ya kwanza ya juma ambayo walikwenda kaburini na kulikuta wazi.

Kuna neno moja zaidi la Kiingereza ambalo lapasa litupe kicho: “holiday.” Lilianza kama maneno mawili yenye maana ya siku takatifu. Kwa kuwa siku takatifu za kanisa zilikuwa pia siku za kutofanya kazi, watu walizoea kulitumia kwa mapumziko tu. Leo ni likizo: ufukwe wa bahari, safari, usingizi. Mapumziko yamebaki, utakatifu umeondoka. Lililolipata neno hilo laweza kuipata Sabato yetu. Tunaweza kufunga duka, kuvaa vizuri, kula chakula kilichoandaliwa Ijumaa, na kulala mchana kutwa, huku Bwana wa Sabato hajapewa hata saa moja ya moyo wetu.

> Soma Isaya 58:13, 14. Sabato iliyopita ilikuwa kwako siku takatifu, au siku ya mapumziko tu? Ni jambo gani moja unaloweza kulibadilisha Sabato hii?

JUMATANO

Mbuzi wa Pili

Soma Mambo ya Walawi 16:5–10, 15, 20–22. Mbuzi wawili walitofautianaje? Ni yupi aliyechinjwa? Yule wa pili aliondolewa lini?

Mwaka 1530 Tyndale alichapisha vitabu vitano vya Musa kwa Kiingereza. Katika Mambo ya Walawi 16 alikutana na neno gumu la Kiebrania, *azazeli*. Kama wafasiri wa kale wa Kiyunani na Kilatini waliomtangulia, alisikia ndani yake maana ya mbuzi na ya kwenda zake. Akaunda neno: “scapegoat,” mbuzi anayetoroka, anayeachiliwa. King James ikalichukua, nalo likaenea.

Kisha neno likatoka kanisani na kuingia mitaani. Leo Mwingereza akisema kocha wa timu amefanywa “scapegoat,” anamaanisha kwamba kocha hana hatia, ila amebebeshwa makosa ya wengine ili wao wapone. Magazeti yetu husema *mbuzi wa kafara*, au kwamba mtu *ametolewa kafara*.

Sasa chukua maana hiyo ya mtaani, uirudishe katika Walawi 16, uone kinachotokea. Waadventista tumefundisha kwamba Azazeli anamwakilisha Shetani. Ikiwa mbuzi wa pili ni asiye na hatia anayebebeshwa makosa ya wengine, basi Shetani anaonewa! Na ikiwa ni mbuzi wa *kafara*, basi Shetani anatuokoa! Wako waliotushutumu kwamba tunafundisha hivyo. Shutuma hiyo imejengwa juu ya neno la Kiingereza na maana yake ya leo. Walawi 16 yenyewe inasema jambo lingine.

Biblia ya Kiswahili imetusaidia kwa kuliacha jina kama lilivyo: *Azazeli*. Angalia mambo matatu katika fungu lenyewe.

*Kwanza,* kura zilikuwa mbili, moja kwa ajili ya Bwana na moja kwa ajili ya Azazeli (fungu la 8). Maneno hayo mawili yamewekwa yakielekeana, kama jina la nafsi moja kuielekea nafsi nyingine iliyo kinyume nayo.

*Pili,* mbuzi wa Bwana pekee ndiye aliyechinjwa, na damu yake kuletwa ndani ya pazia (fungu la 15). Mbuzi wa Azazeli hakutoa hata tone la damu. Pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo (Ebr. 9:22). Kwa hiyo kuitwa kwake kafara ni kosa. Kafara, neno lililo ndugu na lile la Kiebrania la upatanisho, lilikuwa ni yule wa kwanza.

*Tatu,* mbuzi wa Azazeli aliletwa baada ya kuhani kwisha kupatanisha (fungu la 20). Dhambi zilikuwa zimekwisha kushughulikiwa kwa damu. Alichobebeshwa ni wajibu wake yeye aliye mwanzilishi na mshawishi wa dhambi, akapelekwa jangwani, kama Ufunuo 20:1–3 unavyomwonyesha Shetani akifungwa katika dunia iliyo ukiwa.

Mtu aliyeponywa deni na mdhamini wake hamshukuru tapeli aliyemwingiza katika deni, hata kama tapeli huyo naye amefungwa gerezani. Anamshukuru aliyelipa.

> Je, umewahi kuwabebesha wengine lawama ya makosa yako? Mbuzi wa kwanza, aliyechinjwa, anakupa sababu gani ya kuacha kufanya hivyo na kuungama?

ALHAMISI

Baruti Katika Injili?

Soma Warumi 1:16 na Waefeso 1:19, 20. Uweza wa Mungu unafanya nini kwa aaminiye? Paulo anautolea mfano gani?

Wahubiri wengi wamesimama mbele ya Warumi 1:16 na kusema: “Neno la Kiyunani hapa ni *dunamis*, na hilo ndilo neno ‘dynamite’ la Kiingereza. Kwa hiyo Injili ni baruti!” Kusanyiko husema Amina. Lakini je, ndivyo Paulo alivyosema?

Neno hilo la Kiingereza lilianza kutumika baada ya Alfred Nobel, mvumbuzi wa Uswidi, kupata hataza ya baruti yake mpya mwaka 1867. Alitafuta jina, akalichukua katika Kiyunani. Paulo alikuwa amekufa miaka 1,800 kabla. Hakuweza kuwaza juu ya kitu ambacho hakikuwapo. Mtoto hurithi sura ya babu yake. Babu harithi sura ya mjukuu.

Tena tazama tunachokipoteza. Kazi ya baruti ni kupasua na kubomoa. Paulo alipotaka kuonyesha uweza wa Mungu katika Waefeso 1, alielekeza kaburini, ambako Mungu alimfufua Kristo katika wafu. Huo ni uweza wa kuwapa uhai waliokufa. Mlevi anayehitaji kufanywa upya hatafuti mlipuko, anatafuta ufufuo. Maana aliyoikusudia Paulo ni bora kuliko ile tuliyomwongezea.

Mfano mwingine husikika juu ya “sincere,” neno lililo katika Wafilipi 1:10 kwa Kiingereza, lenye maana ya unyofu usio na unafiki. Husimuliwa kwamba wachongaji wa Rumi walificha nyufa za sanamu kwa nta, na kwamba neno hilo linatokana na maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya “bila nta.” Ni hadithi tamu, lakini wataalamu wa lugha hawaiungi mkono, neno la Kilatini lilimaanisha tu safi, kisichochanganywa. Zaidi ya hayo, Paulo aliandika Kiyunani. Hata kama hadithi ingekuwa kweli, isingetuambia alichomaanisha yeye. Na ni jambo la kutafakari kwamba neno linalohusu unyofu hufundishwa kwa habari isiyo na uhakika.

Je, asili ya maneno haina faida? Ina faida. “Gospel” kweli ilitokana na maneno ya kale yenye maana ya habari njema, na hilo linaafikiana na Kiyunani. “Goodbye” ni ufupisho wa maombi kwamba Mungu awe pamoja nawe. Lakini asili ni taa ya pembeni. Maana ya neno tunaitafuta kwanza kwa kuuliza: Mwandishi analitumiaje? Mafungu yaliyo kabla na baada yanasema nini? Analitumiaje mahali pengine? Hivyo ndivyo Walawi wa Nehemia 8 walivyofanya: walisoma waziwazi, wakaeleza maana iliyokuwamo.

> Kwa nini ni hatari kutumia habari isiyo ya kweli hata kama inatetea jambo la kweli? Soma Ayubu 13:7.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Katika kitabu cha Ellen G. White, *Wazee na Manabii*, soma sura ihusuyo hema ya kukutania na huduma zake.

Neno la mwisho la juma hili ni “talent.” Kiyunani *talanton* kilikuwa kipimo cha uzito, na hivyo cha fedha. Mathayo 25:14–30 ilisomwa na kuhubiriwa Ulaya kwa karne nyingi, hata neno hilo likahama kutoka fedha hadi kipaji cha mtu. Hivyo mtu anapoandaa shindano la vipaji vya kuimba, anatumia neno lililotoka kinywani mwa Yesu, na mara nyingi hajui. Vijana wetu nao husema *talanta* kwa maana hiyo hiyo.

Lakini rudi kwenye fungu la 15. Bwana yule aliwapa watumwa talanta *kwa kadiri ya uwezo* wa kila mmoja. Kwa hiyo katika mfano uwezo ni kitu kimoja na talanta ni kitu kingine. Talanta ni mali ya Bwana, iliyowekwa mikononi mwa mtu kwa kulingana na uwezo alio nao. Tofauti hiyo inatuponya katika mambo mawili. Asiyejua kuimba wala kuhubiri hawezi kusema hakupewa kitu. Amepewa Injili, muda, jirani, na labda shilingi chache. Na mwenye sauti nzuri hawezi kujisifu kana kwamba talanta ni yake. Siku ya hesabu inakuja, na mwenye mali atauliza.

Mtumwa wa tatu alimfahamu vibaya bwana wake. Alimwona kuwa mtu mgumu, na kwa sababu hiyo akafukia alichopewa. Kutoelewa kulizaa hofu, na hofu ikazaa uvivu. Ndiyo maana kuelewa Neno si kazi ya wasomi peke yao. Jinsi tunavyomwelewa Mungu ndivyo tutakavyomtumikia.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa lenu, wako wanaosoma Biblia ya Kiingereza na wanaosoma ya Kiswahili. Chagueni fungu moja la juma hili mlisome katika zote mbili. Maneno yanatofautiana wapi? Tofauti hiyo inawasaidia vipi kulielewa fungu?

2. Ndugu mmoja anakuambia kwamba Jumamosi ni siku ya kwanza kwa sababu ya neno *mosi*. Utamjibuje kwa upole, bila kumdharau, ukianzia na Maandiko?

3. Mhubiri mgeni ametumia mfano wa baruti katika Warumi 1:16 na watu wamebarikiwa. Je, inafaa kumsahihisha? Kama ndiyo, wapi na kwa namna gani? (Angalia Prisila na Akila walivyomtendea Apolo katika Mdo. 18:24–26.)

4. Tyndale alitoa maisha yake ili mkulima asome Biblia kwa lugha yake. Sisi tunayo Biblia kwa lugha yetu, mezani na simuni. Ni nani katika ujirani wenu ambaye bado hajasaidiwa kuelewa anachokisoma, kama yule towashi wa Matendo 8:30, 31? Ni nani kati yenu atakayekwenda kuketi pamoja naye juma hili?